Nyumba Moja, Kura Moja

Lokdauni ilipolegezwa tu, benchi la nje ya stesheni ya treni ya Guildford likapata watu wake. Barakoa zilishushwa kidevuni na themosi ya Lazare ikazunguka, ndani kahawa ya tangawizi aliyoipika mkewe, Dévote. Lazare walimwita Kimya, na siku hiyo jina lilimfaa. Dévote anagombea uenyekiti wa chama chao cha wahamiaji, uchaguzi ni Jumapili kwa Zoom. Akimpigia kura, benchi litamcheka kwamba anatawaliwa na bibi; asipompigia, nyumbani hapalaliki. Kwa hiyo alishukuru sana kusikia habari ya leo ni ya Tunisia.

Aliyeileta ni Symphorien wa ghalani, aitwaye Forklifti kwa sababu, kama mashine ile ya kunyanyulia mizigo, hakuna mada asiyoweza kuinyanyua.

— Mumesikia? Tunisia wameweka mwanamke premier ministre, waziri mkuu mzima. Waarabu, mon frère.

— Wamechelewa, akasema Akilimali, aitwaye Meya kwa sababu sheria zote za chama anazo kichwani. Kuwait wanawake wamepewa haki ya kuvoti juzi tu, mwaka elfu mbili na tano.

— Ndiyo maana kule ni jangwa, akasema Forklifti. Mwanamke ukimnyima kura, hata mvua inagoma.

— Na petroli je?

— Machozi ya mama zao, yamezama chini. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Lazare alicheka kwa raha. Mambo ya Waarabu hayamgusi mtu.

Hapo akafika Chibalonza, ametoka shifti ya kutunza wazee. Amehamia juzi kutoka Cabramatta, stesheni chache tu kutoka hapo. Wakampa kikombe.

— Papa Meya, Jumapili mimi na bwana yangu tuna kura ngapi?

— Moja. Nyumba moja, kura moja.

— Anaipiga nani?

— Baba wa nyumba, bien sûr, nani tena? Mafahali wawili hawakai zizi moja.

— Haya. Sasa mama Dévote atajipigia kura namna gani?

Meya akapandisha barakoa. Forklifti akaitazama treni ya kwenda Parramatta mpaka ikapotea. Lazare aliona aibu, aibu ya kweli, kwa kile kicheko cha petroli. Akatoa simu. Linki ya uchaguzi ilitumwa kwake, baba wa nyumba. Akaituma kwa Dévote.

— Kimya, umefanya nini? akauliza Meya.

— Nimempa kura yake.

— Na wewe umebaki na nini?

— Kahawa, akasema Lazare, akaitikisa themosi. Ilikuwa imeisha.