Kahawa Iliyoishia Kwenye Nepi

Kochi tunalokalia nje ya karakana yangu si langu. Aliyelileta lishonwe upya hakurudi, nikachoka kuliruka kila asubuhi, nikaliburuta hadi barazani, nikaweka jiko la mkaa na birika pembeni. Basi, watu wakajigawia nafasi. Upande wa barabara anakaa Breki, dereva wa lori mstaafu, tunayemwita hivyo kwa sababu kila mwezi anasimulia upya siku breki zilipokatika, na kila mwezi mlima unazidi urefu. Katikati anakaa Daktari Geti. Udaktari wake ni kulinda geti la zahanati. Wagonjwa wote wanapita mbele yake, naye anaamini elimu nayo inapita hapohapo. Upande wa mlango nakaa mimi, fundi makochi. Jiko langu, kahawa yangu, ukitaka kubisha sana kabishe kwenu. Ijumaa ile alikuja Cheche, mchomeleaji wa karakana ya jirani, kabeba mfuko mweusi. Hakukaa kochini. Alivuta stuli, akaweka mfuko magotini, na wala hakuomba kahawa.

Mimi: Vipi, umeme umekatika?

Cheche: Umeme upo.

Breki: Sasa mbona una uso wa mtu aliyekuja kupokea maiti?

Cheche akafungua mfuko, akatoa vitu vitatu vyeupe, akavipanga juu ya kochi, kati yangu na Daktari Geti.

Breki: Ebo! Chupi za nani hizo?

Cheche: Si chupi. Ni nepi. Hizi za kuvuta. Mtoto anaingiza miguu, unapandisha, basi.

Hapo masihara yakatukauka mdomoni. Wote tulimjua mtoto anayesemwa. Mke wa Cheche alifariki mwaka jana, binti yao akiwa bado anatambaa. Siku ileile ya mazishi mama mkwe alimfunga mtoto mgongoni akaondoka naye, na hakuna aliyemlaumu. Cheche akabaki na nyumba, na mashine ya kuchomelea, na sisi.

Cheche: Mama mkwe kanipa mtoto kuanzia kesho mpaka Jumatatu. Kasema nikae naye. Akirudi mzima, tutaongea ahamie kwangu. Akirudi na vipele vya mkojo, nisimguse tena mpaka ajue kufua nguo zake mwenyewe.

Daktari Geti: Kasema hivyo kabisa?

Cheche: Kasema huku anakunja nguo za mtoto. Hata hakuniangalia.

Mimi: Na hizi za kuvuta za nini? Si kuna zile za gundi?

Cheche: Za gundi anazibandua mwenyewe. Halafu halali, bwana. Ukimlaza umbadilishe, anajipindua, anakwenda. Anakimbia tangu anaamka. Nimemwambia muuza duka nataka nepi ya mtoto anayekimbia, akanipa ndogo, ya kati na kubwa, akasema nikajaribu. Nyinyi mmelea. Niambieni nichukue ipi.

Tulikaa vizuri. Kwa kweli tulijisikia. Ukitujumlisha sisi watatu tumezaa shule nzima, na tangu tuanze kukaa hapo hakuna mtu aliyewahi kutuuliza kitu cha maana.

Breki: Chukua kubwa. Nakwambia kama mtu wa mizigo. Mawe yanatulia, mbao zinatulia, lakini maji hayatulii. Nilishavuta tangi la maji lililojaa nusu. Nikikata kona kushoto, maji yanakwenda kulia, yanataka tulale wote mtaroni. Sasa huyo mtoto anakimbia, anazunguka meza, mkojo unahamia upande. Ndogo itapinduka.

Daktari Geti: Mtoto si lori, Breki. Jambo kubwa hapa ni upepo. Mtoto akikimbia, upepo unaingia kwenye miguu unatokea mgongoni, unausukuma mkojo juu. Ndiyo maana wanaolowa wanalowa mgongoni. Nimewaona getini kwa macho yangu haya.

Mimi: Wanalowa mgongoni kwa sababu wamelala foleni nzima, wewe! Upepo gani?

Daktari Geti: Ushawahi kufanya kazi zahanati?

Mimi: Na wewe ushawahi kuvuka geti?

Cheche: Jamani. Ni kesho.

Alisema taratibu tu, lakini tulirudi kwenye hoja. Mimi nikaichukua ya kati, nikaiminya kwa vidole viwili kama ninavyominya sponji kabla ya kununua. Nikaguna. Kazi yangu hii mtu akishakaa ndipo utajua ulishona nini, kwa hiyo kuhusu makalio ya watu hakuna wa kunifundisha.

Mimi: Sponji nyepesi. Na hii raba ya kiunoni siiamini.

Breki: Ijaribu basi.

Mkono wa kochi letu ni wa mviringo, mnene, umejaa mbele kama tumbo la mtoto aliyeshiba. Nikauvalisha ile nepi. Ilikaa vizuri, lazima niseme. Breki akasema mtoto anainama, anachuchumaa, vuta zaidi. Nikavuta. Daktari Geti akasema bado, na mimi nikavuta kama navuta ngozi ya kochi kabla ya kupiga misumari. Ikachanika pembeni, upande mmoja, kisha wa pili.

Cheche: Fundi!

Mimi: Mbovu. Shukuru imechanikia kwangu, haikuchanikia mbele ya mkweo.

Cheche hakushukuru. Aliitazama ile nepi kwenye mkono wa kochi.

Daktari Geti: Kilichobaki ni kunyonya. Nepi ni kunyonya. Leta birika.

Mimi: Birika la kahawa?

Daktari Geti: Unataka tujaribu na nini, na mate?

Nikajaza kikombe, nikakimimina kwenye ile ndogo. Ikanywa. Nikamimina kingine. Ikanywa, ikavimba, ikageuka rangi, na bado haikutoa hata tone.

Breki: Mtoto anakojoa kiasi gani kwani?

Tukatazamana. Daktari Geti akasema kikombe. Breki akasema kikombe ni cha mchana, asubuhi ni birika. Wakaanza kugombana kuhusu mkojo wa asubuhi, watu wazima na mvi zao, huku mimi namimina. Nepi ndogo ilipokataa, nikahamia kubwa.

Breki: Hiyo usiiache imekaa. Mtoto yuko mwendoni. Itikise!

Akainyakua, akaizungusha hewani akikata kona zake za zamani, kushoto, kulia, na mdomoni anabadilisha gia. Kahawa ikaruka ikamwagikia Daktari Geti kwenye suruali ya kazi.

Daktari Geti: Umeona? Upepo!

Mimi: Hakuna cha upepo. Cheche, nipe mpaka jioni. Nitakushonea ya ngozi ya kochi, ndani sponji nzito, kiunoni zipu. Hata akibingirika ngazi nzima, haivuji.

Daktari Geti: Zipu itamkata. Mpunguzie mbio tu. Mvalishe viatu vizito, buti kabisa, mwendo ushuke...

Cheche: Hapana!

Nilikuwa sijawahi kumsikia Cheche akipaza sauti. Mashine yake ndiyo huwa inapiga kelele, yeye hapana.

Cheche: Asipunguziwe. Anakimbia kama mama yake. Mama yake alikuwa hajui kutembea yule. Tukitoka wote, mimi niko nyuma na mifuko, yeye keshafika, keshapatana bei, keshasahau kama ana mume. Mtoto kachukua miguu yake. Msimguse miguu.

Breki akaiweka nepi chini polepole. Ndipo akaja dada mmoja. Simjui jina mpaka leo. Alikuwa mteja, kabeba kiti cha kulia begani miguu juu, anataka kubadilishiwa kitambaa. Akatusalimia vizuri, akatua kiti, akaona nepi tatu: moja imechanika kwenye mkono wa kochi, mbili zimelowa rangi ya kahawia.

Dada: Poleni. Nani anaumwa?

Daktari Geti: Haumwi mtu. Ni utafiti. Tunachagua nepi ya mtoto.

Dada: Ahaa. Mtoto mwenyewe ni mzito kiasi gani?

Daktari Geti: Ni... wa kawaida.

Breki: Anakimbia.

Dada: Sawa, anakimbia, lakini nepi zinachaguliwa kwa uzito. Baba yake ni nani hapa?

Cheche akainua mkono kama mwanafunzi.

Dada: Kaka, ukimbeba, anakulemea?

Swali lenyewe ndilo hilo. Halikuwa na mtego. Yule dada aliuliza huku anapangusa vumbi kwenye kiti chake, wala hakujua ameuliza nini. Nikamwona Cheche anaitazama mikono yake, ile mikono yenye alama za moto mpaka kwenye viwiko, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa pale likafutika.

Cheche: Sijambeba.

Mimi: Leo?

Cheche: Tangu siku ya mazishi.

Laiti ningenyamaza. Lakini nilishauliza, naye alishaanza, akaendelea kuongea na mikono yake.

Cheche: Mama yake alikuwa na mchezo. Mimi nambeba mtoto, yeye anajificha nyuma yangu. Anachomoza bega hili, mtoto anacheka. Anachomoza bega lile, anacheka mpaka anapaliwa. Sasa siku ile mama mkwe akanipa nimshike kidogo. Akaninusa shingoni. Akachungulia bega hili. Akachungulia na hili. Halafu akacheka, jamani. Akasubiri. Alijua anakuja kuchomoza.

Yule dada aliacha kupangusa kiti.

Cheche: Nikamrudisha kwa bibi yake. Tangu hapo nikienda napeleka maziwa, sabuni, nakaa mlangoni, namtazama anavyokimbia. Akinijia mimi, nasimama, naaga. Sasa kesho nakwenda kumchukua siku tatu, na mtu akiniuliza uzito wake, sijui. Mtoto wangu mwenyewe.

Nilitaka kumpa kahawa. Sikuwa na kingine cha kumpa, na mtu akiwa vile huwezi kukaa tu unamtazama. Nikainua birika nikainamisha, yakatoka machicha. Nikalitikisa. Kahawa yote ilikuwa kwenye nepi.

Cheche akasimama, akakung'uta suruali.

Cheche: Nafunga karakana.

Mimi: Si mkweo alisema kesho?

Cheche: Kesho ni ya kumchukua. Leo nakwenda kumbeba.

Alipita kwenye bomba langu, akanawa mpaka juu ya viwiko, akaosha shingo, akavuta kola ya shati akainusa, akaondoka. Yule dada aliniachia kiti chake bila kuuliza bei. Breki na Daktari Geti hawakuondoka, ingawa Daktari Geti alikuwa na zamu na suruali ilikuwa imelowa. Tulikaa bila kahawa na bila ubishi, na mimi nilifanya kazi ya kijinga ya kuitoa ile nepi kwenye mkono wa kochi, nikaikunja, nikaiweka ndani. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba amefika, amemwona, amesimama, ameaga.

Jua lilikuwa bado halijazama aliporudi. Alikuwa peke yake, anatembea taratibu, mkono wa kulia ameuachia unaning'inia. Shati lilikuwa limelowa kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Safari hii alikaa kochini. Tulijibana kumpa nafasi, tukamsikia anavyonuka mkojo, na hakuna aliyesogea.

Mimi: Haya?

Cheche: Alichungulia.

Mimi: Bega hili?

Cheche: Hili, na hili. Akasubiri. Nikasubiri naye. Sikumrudisha. Baadaye akaweka kichwa hapa, akalala, gundi ikabanduka, ndiyo hivi mnavyoniona. Nimesimama naye mpaka mkono ukaingia ganzi.

Daktari Geti: Na mkweo?

Cheche: Kaniletea kiti. Kaniangalia, halafu kaniletea kiti. Mtoto alipoamka, bibi yake akanionyesha kuvalisha za kuvuta. Unamsimamisha, anashika mabega yako, mguu mmoja, mguu wa pili, unapandisha. Kuvua hushushi, unachana pembeni. Fundi, ile nepi haikuwa mbovu. Zimetengenezwa zichanike.

Nilikubali. Siku nyingine ningebisha.

Alikuwa anajikanda bega, na alivyolikanda ungedhani hataki maumivu yaishe. Duka la mtaani lilikuwa bado wazi. Akasimama kwenda huko kabla halijafungwa.

Mimi: Unachukua ipi sasa?

Cheche: Kubwa. Ananilemea, Fundi. Nilikuwa nakumbuka kitoto cha kubebwa mkono mmoja. Kumbe amekua.

Akavuka barabara. Na Breki, aliyesema kubwa tangu mwanzo, hakufungua mdomo.