Tarumbeta ya Harusi

"Si hiyo. Utapiga kitu ingine," Kulusum alisema. Ndani ya basi la kwenda Koboko ndipo alipojua kwamba jirani yake kitini, Lino wa bendi ya misheni, amekodiwa na mkwe mtarajiwa kupiga tarumbeta katika harusi ya binti wa Kulusum mwenyewe, na wimbo ameshauchagua.

"Mama, hii iko ya mapenzi. Mzungu alitungia bibi yake."

"Bibi alikuwa hai?"

Lino akatazama dirishani. "Alikuwa amekufa kidogo. Lakini Koboko nani anajua? Sikia tu."

Akapuliza tarumbeta. Dereva, askari mstaafu aliyezika wenzake kwa wimbo huohuo, akasimamisha basi, akashuka, akapiga saluti. Nyuma mwanamke akaanza kulia.

Kulusum akachomoa kipande cha kupulizia, akakitia kifuani. "Mikono yako iko mizima. Utapiga ngoma."