Msinipandishe Nyamwaga

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu leo haifiki mbali. Mwikwabe, mura, kijana wangu, acha kusimama mlangoni na funguo mkononi. Keti kando ya dada yako. Najua mmetandika godoro nyuma ya pikapu, na majirani wanangoja kunipandisha hospitali Tarime. Sitakwenda. Nisikilizeni mpaka mwisho kabla hamjabishana nami, kwa sababu ninachowaachia si mali tu, ni hatari, na tunaoijua ni mimi na Swaleh fundi peke yetu.

Mama yenu alifia mlimani Nyamwaga, mwaka sabini na tano, nikimkimbiza hospitali hiyohiyo. Pikapu ilikuwa bado na injini yake ya kwanza, ya petroli, iliyochoka tangu enzi za Mwingereza. Katikati ya mlima ikazima. Bernadetha aliniuliza mara mbili kama tumefika, mara ya tatu hakuuliza. Tangu siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nipate injini itakayoumaliza mlima ule.

Felistas, ulipoolewa Mbalibali, waliletwa ng'ombe kumi na wanane. Kwa mila yetu ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka, na mimi niliwauza, nikanunua injini ya dizeli, karibu mpya, iliyotolewa kwenye lori lililopinduka. Ndiyo maana Mwikwabe ana miaka thelathini na hana mke, na ndiyo maana analipenda gari hili kama mtu apendavyo zizi lake. Mwanangu, sikukuuliza. Nakuomba radhi mbele ya dada yako.

Swaleh alikata fremu, akahamisha vishikio, akafunga injini na gia boksi yake kwa siku kumi na moja. Kisha akajifuta mikono, akaniambia, "Mwalimu, huyu mzee umempa miguu ya kijana. Atasimamaje? Breki ni zilezile. Niachie mwezi mmoja nimfungie breki za lile lori."

Nikamwambia, "Swaleh, mimi nataka kupanda."

Akacheka. "Kwani anayepanda hashuki, mwalimu?"

Nilikasirika, nikachukua gari. Mimi niliyesoma fizikia Makerere, niliyewaandikia watoto wa watu ubaoni kwamba mwendo ukizidi mara mbili kazi ya breki inazidi mara nne! Kesho yake niliupanda mlima kwa gia ya tatu, nikapita pale alipokata roho mama yenu, nikalia mpaka kileleni.

Sasa nasema nisilowahi kulisema. Mnakumbuka mwaka jana, tukitoka mnadani, watu ishirini na wawili nyuma pamoja na magunia, nilipoligongesha gari kwenye ukingo wa udongo? Niliwaambia ng'ombe alikatiza barabara. Hapakuwa na ng'ombe. Breki zilikuwa zimeungua kwa mteremko, nikakanyaga pedali ikazama mpaka chini, na gari likazidi kuongeza mwendo. Ningeukosa ukingo ule, tungeishia bondeni sote. Watu wakanisifu kwa kumnusuru mnyama, na jirani yetu Simioni, akidhani ni fahali wake aliyepotea siku ile, akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando. Nikayanywa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeyaficha maradhi ya gari mwaka mzima, nikishuka kwa gia ndogo, nikiwakatalia abiria kwa visingizio. Nilirudi kwa Swaleh kuulizia zile breki. Zilishauzwa Musoma, na vipuri siku hizi, mnajua wenyewe.

Basi fikirini. Mkinipandisha leo, gari litapanda. Lakini sitapona, na mtarudi na maiti. Nani atakubali kubaki Tarime siku hiyo? Watajaa nyuma kuzunguka jeneza, akina mama wataimba, na Mwikwabe atashika usukani kwenye mteremko huku analia. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifumba macho.

Kwa hiyo injini itolewe. Ifungwe kwenye mashine ya kusaga hapa kijijini, ifanye kazi imesimama mahali pamoja. Nikolaus, mwenyekiti wetu, amekubali kijiji kiilipie kwa ng'ombe, na ng'ombe hao ni wa Mwikwabe, aoe. Felistas, vitabu na cherehani ya mama yako ni vyako. Simioni mwambieni ukweli kuhusu fahali; akitukana, mwacheni atukane. Mimi nizikeni kando ya Bernadetha, mnibebe mabegani, ni hatua mia mbili tu.

Mwikwabe, unanitazama kama mtu atakayeitikia kisha afanye lake. Nakujua, umenirithi. Nenda nje sasa hivi, ufungue gurudumu la mbele, ulilete humu ndani. Sitawabariki kabla sijalishika. Nenda, mura.

Felistas, nipe maji... Anafungua? Sisikii kitu. Chungulia... Ndiyo. Hiyo ni jeki.

Liweke hapa, karibu. Lina tope bado. Vizuri... vizuri. Sasa pigeni magoti. Mungu awape watoto, awape mvua kwa wakati wake, asiwape haraka... asiwape haraka yangu. Mwikwabe, nipe mkono wako. Usiogope, tata, mwanangu. Uweke hapa... juu ya wangu.