Hodi ya Chumba cha Baridi

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba hii lilikuwa kifuniko cha chupa ya chai. Mama yenu alikitafuta jikoni, akakitafuta mezani, kisha akaja kusimama mbele yangu mikono kiunoni, akasema, "Baba Edina, hebu inuka." Nikainuka. Nilikuwa nimekikalia. "Mtu na shahada yake," akasema, "anaatamia kifuniko kama kuku." Akakifuta kwa kanga, akafunga chupa, akaniambia anampelekea kaka yake chai kule Ihumwa na kwamba nisisahau kuanua nguo. Nilizianua. Yaliyofuata, wanangu, hayakuwa ya kawaida, na ndiyo niliyowaitia. Sogeeni karibu, maana pumzi yangu sasa ni ya kupima.

Edina, kaa hapo miguuni nikuone. Optatus, weka simu chini. Mudrick, usisimame mlangoni kama mgeni. Hukuzaliwa humu lakini umekula humu, na wewe ndiye fundi wetu mkuu, kwa hiyo neno hili linakuhusu. Kizimeni hicho kiyoyozi. Si kwamba nasikia baridi. Nataka kusikia vizuri.

Nianze na mali, kwa sababu mali isiyosemwa huzaa maneno. Nyumba hii ya mtaa wa Kikuyu ni ya Edina, naye hatamfukuza ndugu yake. Kiwanja cha nyuma ni cha Optatus. Duka la Kizota, pamoja na uwakala wetu wa viyoyozi, majokofu na hita za maji, ni lenu wawili, wala halikatwi vipande. Chumba cha baridi cha Ihumwa, kile tunachowakodishia wakulima wa zabibu, nacho ni chenu wawili. Kisiuzwe. Sababu nitaisema, msinikimbize.

Najua, Optatus, kwamba Yahaya, mfanyabiashara mwenzetu, amekuja na pendekezo lake. Anataka mwungane, na nikishafukiwa tu, gesi ya baridi na kompresa ziuzwe kwa yeyote anayefika kaunta, awe amesomea au hakusomea. Yahaya si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka. Na nilikusikia ukimwambia dada yako pale sebuleni, ukidhani nimelala: "Mimi ni muuzaji, sio fundi. Cheti cha nini? Kwani muuza sindano ni daktari?" Ningecheka, ila kifua hakikuniruhusu. Nakujibu sasa. Muuza sindano si daktari, lakini hamuuzii kila mwenye mkono.

Ulikuwa mdogo, hukumbuki duka lilivyokuwa. Kompresa zilikuwa zinarudi zimeungua kama mahindi, kwa sababu aliyezifunga aliacha hewa na unyevu ndani ya mabomba, na mteja hamjui aliyekata bomba, anajua duka. Anakuja kusimama kaunta na kelele zake. Sisi tukimwandikia mtengenezaji, anauliza swali moja tu, aliyefunga ana cheti? Hana. Basi dhamana hakuna, na mashine inabaki mikononi mwetu kama maiti isiyo na ndugu. Tulipoanza kuwapeleka mafundi kusoma, na kumuuzia gesi yule tu aliyefaulu, mashine zilitulia ukutani. Mtengenezaji akawa anabadilisha bila ubishi. Maofisi yaliyohamia Dodoma yakawa yanauliza kwanza nani atafunga, ndipo yanauliza bei. Na fundi aliyesoma hurudi kaunta yetu kwa sababu anajua anachokiomba, hapapasi. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Na gesi hizi mpya, nyingine zinashika moto, hazina huruma na mzoea.

Nani amebisha hodi mlangoni? Hakuna? Haya. Tuendelee.

Lakini hayo ni ya biashara, na mtu hakusanyi watoto wake kitandani kwa sababu ya biashara. Nawaambia ya mjomba wenu Elisha. Mikono yake ilikuwa hodari kuliko mikono yote niliyowahi kuiona, na ilijifunza kwa kutazama, kama mikono ya wote wakati ule. Pua yake aliiamini. Gesi ya kupikia hunuka, naye akaamini kila gesi hunuka, kwamba bomba likivuja pua itamwambia. Gesi ya baridi hainuki. Ni nzito kuliko hewa, hutulia chini kama maji kwenye shimo, ikiisukuma hewa juu, na chumba kile kimechimbwa, kina ngazi, mnakijua. Alikuwa ameinama kwenye bomba la sakafuni. Alilala hapohapo, hata bisibisi hakuiachia.

Mama yenu akafika na chai yake. Raphael mlinzi, mzee wa kanisa asiyejua mzaha, alimsikia akisalimia Kigogo chake, "Mbukwenyi," kisha akapiga hodi. Na Raphael akasikia, kama ninyi mnavyonisikia, sauti ikiitika kutoka chini: "Karibu." Mtu aliyekaribishwa, tena ana chakula cha watu mkononi, hasimami mlangoni, hiyo ndiyo adabu tuliyomlea nayo kila mtoto wa nyumba hii. Akashuka.

Daktari aliyewatazama alisema Elisha alikuwa amekufa mapema mno, kabla mama yenu hajafika lango la Ihumwa.

Nani aliitika? Nimeishi na swali hilo. Nimefikiria mwangwi, nimefikiria mlio wa pampu, nimemwuliza Raphael kwa njia zote ambazo mtu anaweza kuuliza. Sijui. Kusoma kumenifundisha kutenganisha nisichokijua na kisichokuwapo, na mambo hayo mawili, wanangu, hayafanani.

Msibani wakwe zangu walisema mashine yangu imemla kijana wao. Ndugu zangu nao wakasema Elisha ndiye aliyemwua mke wangu. Tangu hapo hatuzikani. Hilo liishe na mimi. Edina, nenda kwa watoto wa mjomba wako, nenda na mbuzi, kaa chini kwenye mkeka, uwaambie baba yao hakuwa mzembe. Hakufundishwa. Mkono haulaumiwi kwa jambo ambalo sikio halikuambiwa.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Amebisha tena. Hamkusikia? Edina, usiende kutazama. Kaa.

Sasa ile sababu. Mudrick, waambie nilichokukataza kuwaambia. Anaona haya; nitasema mimi. Mwaka ule wa mavuno makubwa nilimtuma Ihumwa akatazame mabomba, chumba kikiwa kitupu. Akapiga hodi kwa mazoea tu, na mwanamke akamwitika kutoka chini, kwa upole, akamwita mwanangu, akamwambia karibu. Mudrick, nasema uongo? Mnaona, anatikisa kichwa. Naye alikuwa kijana mwenye adabu kama mama yenu. Tofauti yao ilikuwa moja. Yeye alikuwa ametoka kufaulu mtihani wake, na alifundishwa kwamba kwenye chumba cha namna ile hushuki kwa sababu umekaribishwa. Unafungua milango, unawasha feni, unateremsha kipimo cha gesi kwa kamba, na mwenzako anabaki juu. Akateremsha kipimo. Kikalia. Bomba lilikuwa limepasuka, chumba kimejaa. Sauti ilikuwa tamu, kipimo kikawa cha kweli.

Imetokea tena baada ya hapo. Chumba kikiwa salama, hodi haijibiwi. Kikiwa na gesi, unakaribishwa.

Sasa mnajua kwa nini hakiuzwi. Atakayekinunua atabisha, ataitikiwa, ataingia. Na mnajua kwa nini gesi yetu haiendi kwa asiye na cheti, maana hatujui ni vyumba vingapi nchi hii vimejifunza kusema karibu. Optatus, mwanangu, funguo za stoo ya gesi nazishika hapa chini ya mto. Namwachia Mudrick. Atakukabidhi siku utakayotoka kwenye mtihani umefaulu, wewe mwenyewe, muuzaji, kama mimi nilivyokaa darasani na mvi zangu katikati ya vijana wakaniita babu. Kabla ya hapo usimwambie Yahaya ndiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Na hili lishikeni kuliko yote. Nikishakwenda, kuna siku mtapiga hodi pale Ihumwa na atakayewaitika ni mimi. Nitawaita kwa majina. Nitasema njooni, nina neno nililisahau. Msishuke. Sikusahau neno. Yote nimeyasema hapa, mchana, mkiniona midomo.

Mungu awape mikono isiyo na haraka. Edina, akupe moyo wa mama yako na asikupe safari yake. Optatus, mlango wako ubishwe na watu wema. Mudrick, mwanangu, ni mwanangu, nimesema... uzeeke juu ya ngazi, usizeeke chini. Mpendane. Msile bila kuitana.

Hiyo ni ya tatu. Msiitike. Ni ya kwangu hiyo, na itangoja, nina... nina kidogo tu kimebaki.

Asubuhi yake, baada ya vifo vile. Hamjawahi kuniuliza. Miili ilikuwa imeshatolewa, watu hawajafika na maturubai, mkadhani nimelala. Nilikwenda Ihumwa na feni kubwa ya dukani. Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi. Nikaitikiwa, "Karibu, Baba Edina," sauti yake yenyewe, ya mtu anayefuta mikono kwa kanga, na mguu wangu ukawa tayari kwenye ngazi ya kwanza.

Nikaurudisha. Mama yenu... hakuwahi kunikaribisha mahali. Mke hamkaribishi mumewe. Angeniambia nimechelewa. Angeuliza nguo.

Basi nikaweka jiwe mlangoni. Nikawasha feni. Nikangoja, nikangoja, mpaka jua likafika ngazi za chini. Nikapiga hodi tena. Kimya. Hapo ndipo niliposhuka. Chupa ilikuwa imesimama sakafuni, wima, imefungwa vizuri. Nikafungua. Nikamimina kwenye kile kifuniko.

Ilikuwa bado ya moto. Nikainywa... yote... nimesimama.