Filimbi ya Jiwe la Ngoma

Funga huo mlango, Eunice, na wewe Masalu zima simu, maana leo nasema mimi, na nikishaanza sitaki mtu anikatize hata kwa kikohozi. Mageni, sogea hapa karibu na kichwa changu, usilie kwanza, kulia kutakuwepo tu. Daktari alipoongea na Eunice hapo koridoni alidhani nimelala. Silali mimi, tumbo hili halinipi nafasi. Basi nisikilizeni, wanangu, mimi Scolastika niliyewalea peke yangu tangu baba yenu afukiwe na kifusi kwenye shimo la dhahabu Geita, kwa sababu nilichokisikia jana kimenichoma kuliko huu mshale.

Nilikusikia, Masalu. Uliegemea dirisha hilo ukamwambia kwa simu mwenzako wa machimboni, "Petroli ipo, watu wapo, kesho kutwa tunaingia, hakibaki kitu." Ukaongeza kwamba watoto wao wakimbie wenyewe kama wana miguu. Maneno hayo yametoka kwenye kinywa nilichokilisha uji! Hiyo kesho kutwa yako ni kesho, ndiyo maana nasema leo.

Turudi nyuma, tuambizane ukweli kabla mmoja wenu hajaugeuza. Mmekulia Kambarage hapa mjini Shinyanga, mnajua maduka na mageti ya watu, nchi yenu hamuijui, nami nikasema mwaka huu tukishavuna mpunga tunapakia hema na magodoro kwenye Noah, tunazunguka. Tulilala ufukweni mwa ziwa, Eunice ukaogopa viboko hadi ukakataa kwenda kujisaidia bila mimi, tukacheka jamani, tukacheka mpaka mbavu zikauma! Kisha tukapita Buseresere, tukaingia njia ya vumbi hadi Jiwe la Ngoma, lile ambalo ukiligonga kwa kokoto linalia, ambako babu yenu alinipeleka nikiwa mdogo nikadhani mna watu ndani. Tukapiga hema chini yake, hatukumwona mtu, na mtu hakutuona.

Asubuhi chai iko mafigani, Masalu umepanda huko juu hushuki, Mageni akachukua filimbi yake ya netiboli akaipuliza kukuita. Akaipuliza ndefu, mara ya kwanza, ya pili, anacheka. Mtoto wa mjini atajuaje? Mjini filimbi ni ya refa na trafiki. Kule filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa kijiji; ikilia, ng'ombe wameibwa au mtu ameuawa, na mwanamume asiyetoka na silaha yake anatozwa faini na kutengwa, hata moto haombi kwa jirani. Na wale walikuwa wameibiwa ng'ombe juzi yake. Nikasikia mwano unajibu bondeni, lile yowe la kuitana vitani, mwingine ukajibu mlimani, vijiko vikanidondoka mkononi. Nilimnyang'anya filimbi, lakini yowe likishatoka halina wa kulirudisha.

Walikuja kama siafu. Hawakuuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikwenda, mwenyeji akapona, mgeni akachanwa. Walivunja vioo vya gari kwa marungu, wakamburuza Eunice kwa nywele juu ya mafiga yenye moto, ndivyo hivyo vidonda vya mgongoni. Wewe Masalu ulishuka na spana ya magurudumu ukampasua yule kijana taya, meno yakamwagika mchangani, ukampiga tena akiwa chini. Usiangalie ukuta, niangalie mimi. Nami nilimng'ata mtu sikio hadi likabaki mdomoni, na sitawadanganya, nilisikia raha. Ndipo akili ikanirudia nikapaza sauti, "Mwangaluka! Mwangaluka, bhabha!" nikawasalimu kwa Kisukuma, lugha ya nyumbani, wakasimama, marungu yakashuka. Ila mshale wa mmoja wao, aitwaye Bujiku, ulikwishatoka. Uliniingia hapa chini ya mbavu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenibeba mgongoni hadi kwenye gari huku damu yangu ikimtiririka miguuni, analia kama mwanamke aliyefiwa.

Mageni, mwanangu, sikia hili na ulishike hata nikiwa udongo. Filimbi haikuniua. Aliyeniua ni mshale, na mshale una mwenyewe. Atakayekuambia lingine, awe kaka yako, awe shangazi, awe padri, mtazame usoni umwambie mama alikataa.

Sasa mali, maana najua mtauliza nikishapoa. Nyumba ya Kambarage haiuzwi, Mageni atasomea humo. Gari ni la Eunice, yeye ndiye anayeliendesha bila kulitukana. Wale ng'ombe ambao baba yenu mdogo Magesa aliwaswaga siku ya tatu ya matanga ya baba yenu, mwachieni. Nilimchukia miaka yote, na chuki haikunirudishia hata ndama. Masalu, shamba la mpunga ni lako, ili utoke kwenye mashimo hayo kabla hayajakumeza nawe.

Wazee wa kijiji kile cha Jiwe la Ngoma walikuja juzi na kondoo wa suluhu, mkawafukuza getini. Bujiku alikuwa nyuma yao, kichwa chini. Mnadhani nimemsamehe? Sijamsamehe! Mungu akipenda atamsamehe, mimi sina nguvu hizo, naumwa. Lakini ukichoma kijiji kile, Masalu, watapuliza filimbi, watakuja wengi, na safari hii watakuwa na haki. Watakukata, au utafia jela, na hawa wawili watabaki na nani? Hasira hasara, baba. Nimekwisha kutoa mume kwa ardhi ya Geita. Sitoi mtoto.

Nipe maji. Kidogo... basi, yanatosha.

Kwa hiyo wosia wangu ni huu. Msinizike Shinyanga. Nizikeni kule kijijini kwao, chini ya Jiwe la Ngoma. Nyamaza, Eunice, sijapotewa na akili! Waiteni wale wazee, pokeeni kondoo wao, waambieni mama anataka ardhi. Bujiku achimbe kaburi kwa mikono yake, na wewe Masalu ushike jembe upande wa pili, mchimbe mkitazamana mpaka mmalize. Nataka wakienda kulima wanione. Wakichunga wanione. Mvua ikinyesha na isiponyesha, wanione, na watoto wao wawaulize huyu mama ni nani. Hicho ndicho kisasi changu, kinanitosha. Na wewe Masalu kila mwaka utakuja kunipalilia, utakula kwao, utalala kwao. Hakuna mtu anayepeleka petroli alikolala mama yake.

Mkono wangu... uwekeni kichwani kwa Mageni, mimi siwezi kuunyanyua. Hivyo. Mungu awape watoto watakaowasumbua kama mlivyonisumbua. Awape mvua. Eunice, usikubali mwanaume mvivu. Mpendane, hata mkigombana mlale... nyumba moja.

Masalu. Mpigie yule mwenzako, hapa hapa, nisikie. Mwambie watu warudi makwao. Washa simu, baba... mimi nangoja... piga.