Mama Kambi, Aliyekataa Kuangusha Hema

Marehemu dada yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kambi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili wa seremala na mkunga. Wa kwanza alikuwa kaka yake, mzuri wa sura, ndiye aliyeandika maneno haya, basi tusonge mbele.

Alisoma hadi kidato cha nne. Kaka mtu aliishia darasa la sita, ila kwa akili walitoka sare. Mwaka 1979 aliajiriwa kiwandani kushona maturubai, na kila Jumamosi akaongoza kikosi cha skauti wa kike. Mwaka 1983 aliolewa na dereva wa lori, mwanamume mpole ambaye hakuwahi kumshinda kwa maneno hata siku moja.

Mwaka 2004 wakaja watu wa filamu. Eti vichekesho vya familia nzima kuhusu skauti wa kike, awe mshauri wao. Alikubali kwa sababu moja tu: watu wawaone wasichana wake kuwa wanajua jambo. Kumbe filamu yenyewe ni hema kuwaangukia watoto na kiongozi wao kupiga mayowe kwa kumwona panya! Asiyejua kuchekesha humwangusha mtoto wa mwenzake.

Mwongozaji, kijana wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, akamwambia, "Mama, hema lifunge ovyo ovyo, lianguke."

"Ovyo sikufundishwa, mwanangu. Nifundishe wewe, naona umebobea."

Akalifunga kama kawaida yake. Wanaume wanne wakavuta mpaka suruali zikachanika, hema likawatazama tu. Mwisho wakakata nguzo kwa msumeno. Siku ya maonyesho ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa kikosi chake. Binti mmoja wa kikosi akasimama: "Waongo! Wamekata!"

"Keti, mama," dada akamwambia. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Lakini wenye macho walikuwa wachache. Wazazi kadhaa waliwatoa binti zao kikosini, na wahuni wakamwita Mama Panya hadi uzeeni. Jumamosi hakukosa hata hivyo, mpaka figo zilipomlaza mwaka jana. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, binti zake wawili wakiwa kando yake.

Jana mwongozaji alituma ujumbe: turushe kipande cha filamu hapa makaburini, "tumuage kwa kicheko." Kaka mtu amemjibu kwa heshima yote anayostahili, yaani hakujibu.

Ameacha mume, binti wawili, wajukuu wanne, kaka mmoja, na ninyi mliovaa sare hapo nyuma. Hebu simameni, wanangu. Njooni mbele, watu wawaone vizuri.

Dada, lala salama.