Glovu Isiposonga

Niaje, watu wangu. Wazazi mlioketi huko nyuma, nawasalimu pia. Mimi hurusha mpira wa baseball, na leo nimesimama hapa kwa sababu ya kidole cha rafiki yangu.

Nilianzia hapa Sarang'ombe. Mrushaji hupimwa na straiki. Mpira ukipita pale mpigaji anaweza kuufikia, hiyo ni straiki. Akiupungia rungu akaukosa, hata kama ulikuwa unaelekea kwa mama chapati, hiyo pia ni straiki. Na kwetu, ndugu zangu, nani hungoja mpira mzuri? Rungu ni moja, umepanga foleni asubuhi yote, ukilishika unapiga chochote kinachokuja. Mnacheka, mnajijua! Basi straiki zangu zikawa nyingi kuliko za wote, nikavimba kichwa.

Halafu tukacheza na Kawangware. Wale wamefunzwa kungoja. Nikarusha nje, wakatazama tu. Nikarusha juu, wakatazama. Nikaingiwa na hofu, nikarusha kwa nguvu zangu zote, mpira ukamvunja kidole dada aliyeshika rungu. Ni rafiki yangu, msusi. Ni yeye alikuwa ananisuka.

Nawaambia, niliacha mchezo. Nywele zangu zilifumuka nikazifunika na kitambaa, maana ningeketi mbele ya nani?

Siku moja akabisha kwangu, mkono bado una bandeji.

"Wewe, mbona umepotea?"

"Naona aibu."

"Aibu yako itanisukia wateja? Twende uwanjani."

Akakalia ndoo nyuma ya mdakaji wetu, yule anayeupokea mpira kwa glovu. "Wachana na straiki. Yeye ataweka glovu mahali, wewe uifikie. Ikisonga kuufuata mpira, sihesabu."

Glovu ilisonga karibu kila mara. Hapo ndipo nilijua sikuwahi kuwa na kontroli. Nilikuwa tu na wapigaji wasio na subira. Niliumia sana, lakini kesho yake nikarudi, na kesho yake tena.

Siku hizi glovu hutulia. Kidole chake ndicho hakijanyooka, na ile mistari midogo ya nywele aliyosifika nayo hawezi kuisuka tena. Hilo sina namna ya kulirudisha, na linaniuma hata sasa nikiongea.

Asante kwa mdakaji wangu, na kwenu mlionipokea tena. Vijana, ukisifiwa, uliza kwanza unapimwa na nini.

Dada mwenyewe ndiye yule pale mlangoni. Nywele hizi amenisuka jana. Mstari mmoja umepinda, akataka kuufumua. Nimemkataza.